Namba unayopiga haipatikani kwa sasa: historia ya amri zinazopotea hewani

Najua nimeadimika humu, mitihani ndo imeisha na boom liliisha hata kabla ya mitihani. Leo naandika historia, ila si ya Majimaji wala ya Azimio la Arusha. Ni historia ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakitumia kila siku na hakuna aliyewahi kukiona.

Kuna yule dada anayekwambia namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mara nyingine anasema kweli, mtu kazima simu au chaji imekwisha. Lakini kuna zile siku mshkaji wako yupo chumbani kwake Mwananyamala, simu ipo mezani, imewaka, ina vijiti viwili vya mtandao, na bado dada anakwambia hapatikani. Mkikutana jioni mnaanza kulaumiana, eti ulinizimia simu. Hapana. Mnara uliita, na simu haikusikia wito.

Ni hivi. Simu ikiwa inatumika kunakuwa na mazungumzo mawili. La kwanza ni lenu nyie wawili. La pili ni la simu na mnara, na hilo halisikiki: kuna mtu anakutafuta, ongeza nguvu, punguza nguvu, hamia mnara ule pale, kata. Hayo nitayaita amri. Sauti ikikwaruza kidogo, sikio la binadamu linajaziba lenyewe, ukisikia "nak...ja Mwe...ge saa kumi" umeshaelewa. Amri haina bahati hiyo. Biti moja ikigeuka, "hamia mnara wa 12" inaweza kuwa "hamia mnara wa 44". Kwa hiyo swali lililowasumbua mafundi wa redio tangu simu za mkononi zianze ni hili: katikati ya kelele zote za hewani, simu itajuaje kwamba kilichoingia sasa hivi ni amri, na kwamba imesomwa sawasawa?

Sisi wa Dar tuliitumia sana lugha hiyo ya amri bila kujua. Mnakumbuka kubip? Vodacom walianza hapa mwaka 2000, Celtel wakafuata 2001, na vocha ilikuwa ghali kweli. Unampigia mtu, ikilia mara moja unakata. Bip moja nimefika, bip mbili nipigie. Sauti haikupita hata chembe. Mnara ulimtafuta yule mwenzako, simu yake ikajibu nipo, ikaambiwa ilie, halafu ikaambiwa basi, kakata. Zote hizo ni amri tupu, na kampuni haikupata hata shilingi. Taifa zima lilikuwa linapiga soga kwa kutumia amri za mitambo.

Ila turudi nyuma kidogo, 1994, Mobitel ilipoanza. Mtandao ule ulikuwa wa analogia. Mitandao ya analogia ya familia ya AMPS ya Marekani na TACS ya Uingereza ilikuwa na namna yake ya kutuma amri mtu akiwa anaongea, na mimi naipenda kwa sababu haina aibu kabisa: inakunyamazisha. Sauti inakatwa kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, amri inapita, sauti inarudi. Waliotumia zile simu kama tofali walikuwa wanasikia kama kwikwi.

Simu ilijuaje kwamba hiyo ni amri? Kwanza zilitangulia biti za kupishana, 101010 na kuendelea, zaidi ya mia moja. Kwenye AMPS hizo zinatoa mlio wa 5 kHz, na sauti ya simu inaishia kama 3.4 kHz tu. Yaani ni mlio ambao haupaswi kuwa sauti ya mtu. Halafu unafuata mfululizo wa biti 11, 11100010010, mmoja wa ile aliyoichapisha Barker mwaka 1953. Utamu wake ni kwamba ukiulinganisha na wenyewe, unafanana pale tu ulipopangwa sawa kabisa. Ukiusogeza biti moja kushoto au kulia haufanani tena. Kwa hiyo simu inajua sekunde ilipo, na amri inaanzia biti gani.

Baada ya hapo amri yenyewe, biti 28 za maana na 12 za ukaguzi, inasomwa mara 11. Ndiyo, kumi na moja. Simu inapanga nakala zote juu ya mwenzake na biti zinapigiwa kura, wengi wape. Kama mzee wa mtaa anavyopita na kipaza sauti kutangaza mkutano: anarudia mpaka aliyekuwa bafuni naye asikie.

Inafanya kazi. Tatizo ni kwamba inakula hewa, na hewa ndicho kitu adimu kuliko vyote kwenye biashara hii.

Sasa huko Ulaya kikundi cha GSM kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1982, na tarehe 1 Julai 1991 simu ya kwanza ya GSM kwenye mtandao wa biashara ikapigwa Finland, na Harri Holkeri, aliyekuwa waziri mkuu wao. Kila kitu kikawa cha dijitali, na wengi huwa tunasimulia hiyo kama hadithi ya maendeleo matupu. Kwa amri, dijitali ilileta tatizo jipya. Kwenye analogia amri hailii kama binadamu, unaitambua. Kwenye dijitali sauti ni sifuri na moja, amri nayo ni sifuri na moja. Zimevaa sare moja. Na bado kuna amri za haraka ambazo haziwezi kusubiri, kama ile ya kuhama mnara, zinazolazimika kuchukua nafasi ya sauti. Kwenye GSM njia hiyo inaitwa FACCH, na inaishi kwa wizi: inaiba milisekunde 20 za sauti yako na kukaa pale. Mpokeaji ndiye wa kujua kwamba aliyeingia si yule aliyetarajiwa.

Hapo dunia ikagawanyika.

Wamarekani kwenye mfumo wao wa IS-54 hawakuweka alama yoyote. Nafasi moja ina biti 260. Zikiwa sauti, biti 159 za sauti zimepanuliwa mpaka zikafika 260. Zikiwa amri, biti 49 zimeongezewa 16 za ukaguzi, zikawa 65, na kila moja ikazaa nne: 260 tena. Kutokea nje huoni tofauti yoyote. Simu inafanyaje? Inajaribu kufungua kama amri, kisha inaangalia biti za ukaguzi. Zikikubali ni amri, zikikataa ni sauti.

Inaonekana safi mpaka upige hesabu. Biti 16 za ukaguzi maana yake takataka yoyote ina nafasi moja kati ya 65,536 ya kupita kwa bahati. Sauti inaingia mara 50 kwa sekunde. Gawanya: kila baada ya dakika 22 hivi za maongezi, kipande cha sauti yako kingejifanya amri na simu ingekiamini. Labda ikuhamishie kwenye mnara usiokuwepo! Kwa hiyo mafundi wakaongeza ujanja. Ukishafungua na kupata amri, ifunge tena upya kama mtumaji angeifunga, halafu linganisha biti 260 ulizozitengeneza na 260 ulizozipokea. Kama ni amri ya kweli iliyokwaruzwa, zitatofautiana chache. Kama ni sauti iliyopita kwa bahati, zitatofautiana ovyo. Mimi hii niliposoma nilicheka peke yangu, ni kama mwalimu anayeshuku umeibia jibu, anakwambia haya lifanye tena mbele yangu.

Wazungu wa Ulaya wakaamua kuweka bendera. Kila kipande cha GSM kinachorushwa kina biti 57 za data, biti moja ya bendera, biti 26 za kujipima ambazo simu inazijua tayari, bendera nyingine, na 57 tena. Amri ya FACCH inatawanywa kwenye nusu-vipande 8, kwa hiyo ina bendera 8. Zote 1 ni amri, zote 0 ni sauti. Rahisi eti?

Bendera zile ni biti tupu, hazina ulinzi wowote. Amri yenyewe imevikwa nguo tatu, bendera inayotangaza kwamba hii ni amri inatembea uchi. Tuseme hewa imechafuka kiasi kwamba biti moja kati ya kumi inageuka. Ukitumia kura ya wengi kwenye bendera nane, amri kama 5 kati ya 1,000 zitakosa kura za kutosha, ama zifungane nne kwa nne ama zishindwe kabisa. Hewa ikiharibika mpaka mbili kati ya kumi, zinazokosa zinakuwa karibu 6 kati ya 100. Na upande wa pili, kwenye ile hewa ya moja kati ya kumi, kipande cha sauti kitapata bendera tano za uongo takriban mara moja kila sekunde 46. Ukiziamini bendera peke yake, kila mara unatupa kipande cha sauti bure. Ndo maana simu nzuri haiulizi bendera ndiyo au hapana. Inauliza kila moja ilikuja na nguvu kiasi gani, inajumlisha, na ikibaki na shaka inajaribu kufungua amri hata kama kura hazikutosha. Yaani wakarudi kwenye ule ujanja wa Wamarekani kwa mlango wa nyuma.

Nguo tatu nilizotaja ni hizi. Amri ya GSM ni biti 184. Inaongezewa biti 40 za ukaguzi za msimbo uliotokana na kazi ya Philip Fire ya mwaka 1959, na 4 za kufungia, zinakuwa 228. Kisha msimbo wa konvolusheni unazidisha mara mbili, 456. Kuzifungua wanatumia njia ya Andrew Viterbi ya mwaka 1967, ambayo haisomi biti moja moja, inatafuta njia nzima inayofanana zaidi na kilichopokelewa. Nguo ya tatu ni kutawanya: biti jirani hazisafiri pamoja.

Hii ya tatu ndiyo inayonihusu mimi na wewe tunaopanda daladala. Mawimbi ya 900 MHz yana urefu wa sentimita 33 hivi. Hapa kwetu yanagonga mabati ya Tandale, ukuta wa ghorofa la Kijitonyama, ubavu wa basi, yanakufikia kwa njia nyingi na mahali pengine yanauana yenyewe kwa yenyewe. Kwa wastani kuna shimo karibu kila nusu ya urefu huo, sentimita 17 hivi, upana wa mkono wako ukiukunjua. Daladala ikienda kilomita 36 kwa saa inakata mita 10 kwa sekunde, simu inapita mashimo kama 60 kila sekunde. Amri iliyotawanywa kwenye vipande nane inachukua kama milisekunde 37, na humo daladala imesogea sentimita 37. Vipande viwili vitatu vikianguka shimoni, vilivyobaki vinatosha kuijenga upya. Sasa kaa kwenye foleni ya Mwenge. Gari limesimama, simu imesimama, na kama bahati yako mbaya upo ndani ya shimo, vipande vyote nane vinazama pamoja. Ndo maana watu wanasogea hatua moja dirishani na simu inafufuka. Siyo ushirikina. Mitandao inapunguza tatizo hilo kwa kurusha kila kipande kwenye masafa tofauti, maana shimo la masafa haya si lazima liwe shimo la masafa yale.

Haya, simu inajuaje imepotea? Kuna kihesabu. Ukiwa unaongea, kila milisekunde 480 inafika amri moja ya kawaida kwenye njia ya SACCH. Ikishindwa kusomwa, kihesabu kinashuka 1, ikisomeka kinapanda 2 mpaka kikomo chake. Kikifika sifuri, simu inakata. Mtandao ukiweka kikomo cha 16, kimya kikiwa kamili ni sekunde 7 na kidogo. Soma tena hapo: simu haikatiki kwa sababu sauti imeharibika. Inakatika kwa sababu amri hazisomeki. Nyie mnaweza kuwa bado mnasikizana.

Simu ikiwa mfukoni ni kali zaidi. Ina kihesabu kingine cha wito, wito ukishindwa kusomeka kinashuka 4, ukisomeka kinapanda 1 tu. Kikiisha, inauacha mnara huo na kutafuta mwingine. Na wito wako ukiwa umerushwa katika sekunde hizo hizo za kutafuta, yule dada anakuja.

Sasa kituko cha historia hii, na ndicho kilichonifanya niandike. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kukaja AMR, njia mpya ya kubana sauti. Hewa ikichafuka, AMR inapunguza ubora wa sauti na kuongeza ulinzi, kwa hiyo sauti inavumilia kelele ambazo zamani zingeiua. Kila mtu akashangilia. Lakini amri zilibaki na nguo zao za 1991. Sauti ikawa ngumu kuliko amri! Mtandao ungeweza kubeba maongezi kwenye hewa mbovu, ila amri ya kuhama mnara ikashindwa kufika, na amri hiyo kwa tabia yake inatumwa wakati mbaya kuliko wote, pale mnara wa zamani unapokaribia kukutoka. Dawa iliyowekwa kwenye viwango katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa nini? Kurudia. Amri ya FACCH inatumwa, halafu inatumwa tena, na simu inajumlisha zote mbili. Mzee wa mtaa na kipaza sauti chake. Mitambo yote ile ya hesabu, na tukarudi kwa Mobitel ya 1994, tofauti ni kwamba safari hii nakala ni mbili badala ya kumi na moja.

4G nayo imewapa Wamarekani wa IS-54 ushindi wao wa kuchelewa. Amri zake hazina bendera kabisa. Kila milisekunde moja simu inajaribu mpaka mahali 44 tofauti, inapapasa gizani, na kila jaribio linapimwa kwa biti 16 za ukaguzi zilizochanganywa na namba ya muda ya simu hiyo. Fanyeni ile hesabu: 65,536 gawanya kwa 44. Kwenye kelele tupu, amri moja ya uongo kila sekunde moja na nusu. Ndiyo sababu simu inakagua pia kama amri yenyewe ina maana kabla ya kuitii. Kwenye 5G, ambayo Vodacom waliizindua hapa mwaka 2022, biti za ukaguzi za amri ni 24.

Mtu atauliza, sasa haya yananihusu nini mimi ninayesoma sheria? Pesa. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilitumia menyu ya kwenye laini ya simu na meseji. Hapa kwetu ilipokuja 2008 tukazoea *150*00#. Meseji na menyu hizo kwenye 2G zinapita njia ya amri, ile ile, inayobeba biti 184 kila milisekunde 235, yaani biti 782 kwa sekunde. Sauti ya GSM ya kawaida inapata 13,000. Hela ya ada, ya kodi ya geto, ya mama kijijini, yote imepita kwenye kichochoro hicho kilichojengwa kwa ajili ya kuambiana "hamia mnara ule". Hata simu yako kubwa ya 4G, ukipiga namba hiyo mara nyingi utaona alama ya mtandao inashuka kwanza.

Na hapo ndipo palipobaki padogo pasipozibika kwa msimbo wowote. Umeingiza namba ya siri, umebonyeza 1 kukubali, menyu ikafia hewani. Je, lililopotea ni ombi lako, au ombi lilifika na kilichopotea ni jibu? Simu yako haiwezi kujua, kutokea upande wako yote mawili ni kimya kilekile. Mtambo unalijua jibu, kwa hiyo unatuma meseji ya uthibitisho, na meseji, tofauti na menyu, inatunzwa na kujaribiwa tena mpaka simu yako itakapoisikia. Kwa hiyo menyu ikikufia mkononi baada ya namba ya siri, usirudie kutuma. Sogea hatua mbili, subiri meseji, au angalia salio kwanza.

Haya, mimi natoka, kuna foleni ya chipsi hapa nje ya geti inarefuka. Post ijayo nitaandika kwa nini biti 26 za kujipima kwenye GSM ziliwekwa katikati ya kipande na siyo mwanzoni.